Umehamia Mji Mpya? Anzia Sokoni: Mwongozo Kamili wa Kujua Chakula cha Mahali na Sehemu za Kujivinjari

Ukihamia mji mpya, mambo mawili hujipanga yenyewe: njia ya kwenda kazini na duka la karibu. Mengine yote husubiri, na mara nyingi husubiri mno. Wapo watu waliokaa mji mmoja miaka mitano na bado wanakula sehemu zilezile tatu, na siku yao ya mapumziko inaishia kwenye kochi. Si kwamba mji hauna kitu. Walitafuta kama watalii: wakauliza intaneti "sehemu bora za kutembelea", wakapata orodha ya vitu kumi, wakaenda vitatu, wakakuta foleni na bei ya kuumiza, basi wakakata tamaa.

Orodha za namna hiyo zimeandikwa kwa ajili ya mtu wa siku mbili. Wewe una mwaka mzima, pengine miaka, kwa hiyo unaweza kufanya kitu ambacho mtalii hawezi: kufuata chakula hadi kinakotoka. Samaki ameshushwa mahali, na mahali hapo pana ufuko au ukingo wa ziwa. Asali imetoka kwenye miti. Mboga imetoka bondeni, na bondeni pana mto na njia ya miguu. Chakula na matembezi ni mradi mmoja, na ukiushika hivyo kila safari ya sokoni itakupa safari nyingine ya nje. Jipe kama mwezi mmoja na nusu wa jioni na siku za mapumziko, bila kukimbilia.

Vitu vya kuwa navyo

Si vingi. Viatu ambavyo miguu imeshavizoea, chupa ya maji ya lita moja, mfuko wa kubebea, noti ndogo na sarafu, na daftari la kuingia mfukoni. Simu nayo inafaa kuandikia, lakini muuzaji akikuona unaandika jina la mboga yake kwenye karatasi, aghalabu atachungulia akusahihishe, na hapo mazungumzo yameanza.

Kama lugha ya mahali si yako, jifunze maswali manne kabla ya kutoka nyumbani: hiki kinaitwaje, kinatoka wapi, unakipikaje, ni bei gani. Ongeza namba za kuhesabia. Hata ukiyatamka vibaya, watu watakusaidia. Asiyeuliza ndiye anayeishia kununua vitu vya kopo.

Hatua ya 1: Zunguka mtaa wako kwa saa tatu tofauti

Mtu mzima asiye na mzigo hutembea karibu kilomita 5 kwa saa, maana yake dakika 15 zinakufikisha zaidi ya kilomita moja kutoka mlangoni kwako. Eneo hilo ndilo utakalolitumia zaidi maisha yako yote hapo, na ndilo wageni wengi hulipita ndani ya gari. Litembee mara tatu kwa siku tofauti: alfajiri kabla watu hawajaingia kazini, mchana wakati wa kula, na jioni kabla giza halijashika.

Unachotafuta ni ratiba. Kibanda kilichofungwa mchana kutwa huenda ndicho chenye foleni alfajiri. Uwanja mtupu asubuhi hujaa wakimbiaji jua likipungua. Anayepita wakati mmoja tu wa siku huondoka na picha ya uongo, kisha anasema mtaa huu umekufa.

Andika watu wamesimama wapi wakisubiri, harufu ya chakula inatoka wapi, na watu wamebeba nini wakitokea upande gani. Hili la mwisho husahaulika. Baiskeli yenye matope, taulo iliyolowa, ndoo ya samaki, mtoto aliyeshika tiara: hao wote wametoka sehemu ambayo na wewe ungependa kuijua. Siku inayofuata elekea walikotokea. Kuhusu jioni, muulize kwanza jirani au mlinzi wa jengo ni mitaa ipi watu hawapiti giza likiingia, na jibu lake lichukue bila kubishana.

Hatua ya 2: Lisome soko

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Mji ukiwa na masoko kadhaa, chagua linalolisha mitaa, si lile lililopambwa kwa ajili ya wapiga picha. Ulizia pia siku ya gulio. Sehemu nyingi zina siku moja au mbili kwa wiki ambapo wakulima huja wenyewe na mazao yao, na siku hiyo utakutana na watu ambao hawaonekani siku nyingine.

Fika mapema bidhaa zinaposhushwa. Mzunguko wa kwanza usinunue kitu. Tazama kipi kimerundikwa meza baada ya meza, kwa bei zinazokaribiana: hicho ndicho cha msimu, na cha msimu huwa kitamu na nafuu. Kinachoonekana kwenye meza mbili tu, kimepangwa kimoja kimoja na kung'arishwa, hicho kimesafiri. Hakuna ubaya kukinunua, ila hakitakufundisha lolote kuhusu mahali ulipohamia.

Mzunguko wa pili sasa uliza. Swali la "kinatoka wapi" ndilo lenye thamani kubwa, na majibu yaandike kwa majina: kijiji, bonde, kisiwa, upande wa mto. Ukipata majina sita au saba umeshapata ramani ya matembezi bila kufungua simu. Soko pia husema mengine lenyewe. Joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo ukikuta meza moja ina matunda yanayotaka joto kali na ya jirani ina mboga za baridi, zote mbichi na majani yake hayajanyauka, ama kuna lori lililosafiri usiku kucha, ama kuna mlima karibu. Uliza ni lipi kati ya hayo.

Kisha nunua kitu kimoja usichokijua, kiasi kidogo, kila unapokwenda. Usimwombe muuzaji maelezo ya jumla. Sema: "Mama, wewe nyumbani kwako hiki unakipikaje?" Ukimuuliza kinapikwaje tu, atakupa jibu fupi la kukuridhisha. Ukimuuliza anavyopika yeye, atakwambia pia kwamba dada yake hukikosea, kwamba maji yawe kidogo, kwamba kisilazwe. Hayo ndiyo mapishi.

Shika meza moja au mbili na uzirudie. Ukihama muuzaji kila siku unabaki mgeni, ukirudi mara ya tatu unaanza kuwekewa kizuri chini ya meza na kuambiwa wazi, "Leo hiki usichukue, njoo Alhamisi." Usibonyezebonyeze matunda ya watu na usipige picha bila ruhusa. Ukibahatika kuwa sokoni asubuhi ya siku ya kazi, wakati wauzaji hawajazidiwa, utapata mara mbili ya maelezo ya siku ya mapumziko.

Hatua ya 3: Kula nje bila kuuguza tumbo

Watu hugawanyika hapa. Wapo wanaoogopa kila kibanda, na wapo wanaokula chochote siku ya kwanza ili kuonyesha ujasiri. Wote wawili wanakosa. Kinachoamua usalama si ukuta wa vigae wala meza yenye kitambaa. Ni joto la chakula, muda kilichokaa, na usafi wa mikono na maji.

Bakteria wengi wa kwenye chakula huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na wakati wa kupika kifike angalau nyuzi 70 hadi katikati. Wewe hutatembea na kipimajoto, lakini macho yanatosha. Tafuta chakula kinachopikwa mbele yako na kupakuliwa kikitoa mvuke. Tafuta foleni inayosogea, kwa sababu pale chakula hakipati nafasi ya kukaa. Sufuria inaisha, nyingine inainjikwa. Mgahawa mzuri wenye masufuria yaliyojaa na uvuguvugu tangu asubuhi unaweza kuwa hatari kuliko kibanda cha pembeni ambacho mafuta yanachemka muda wote.

Angalia anayepokea pesa kama ndiye anayeshika chakula kwa mkono uleule. Angalia vyombo vinaoshwa kwa maji gani na yanabadilishwa lini. Barafu, juisi zilizoongezwa maji na kachumbari ni vitu vya kuviacha kwanza mpaka ujue maji ya hapo yakoje, kwa kuwa havikupita motoni. Matunda unayomenya mwenyewe hayana shida hiyo. Kama huna uhakika na maji ya kunywa, yachemshe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja. Ukiwa sehemu iliyo juu ya mita 2,000, yaache yatokote dakika 3, maana huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi.

Wiki ya kwanza jaribu kitu kigeni kimoja kwa siku, si vitano. Tumbo likilalamika utajua wa kulaumiwa ni nani. Na likiharibika, jambo la kwanza ni maji na chumvi: vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, lita moja ya maji safi, kunywa kidogo kidogo. Damu kwenye choo, homa kali, kuishiwa nguvu au kushindwa kabisa kunywa ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mdogo usimsubirie hata kidogo.

Mwenye mzio asitegemee maelezo ya mdomo. Andika kwenye kadi, kwa lugha ya mahali, kitu usichoweza kula pamoja na majina yake yote ya mapishi, na mwombe mwenyeji akuhakikishie maandishi. Onyesha kadi kabla ya kuagiza. Uliza pia mafuta yaliyotumika, kwa sababu karanga na ufuta hujificha humo.

Kuagiza chenyewe si kazi. Tazama meza ya jirani, onyesha kwa adabu, sema "niletee kama cha mzee yule." Uliza bei kabla ya kukaa. Na ladha isipokupendeza mara ya kwanza, usiifungie mlango. Ladha ngeni nyingi, hasa chungu na zilizochachushwa, huhitaji kurudiwa mara kadhaa, tena kutoka kwa wapishi tofauti, kabla ya kuzihukumu.

Hatua ya 4: Uliza walichofanya, si wanachopendekeza

Ukimwomba mtu akupendekezee sehemu nzuri, atafikiria heshima ya mji wake. Atakutajia mnara, hoteli kubwa, au mgahawa alioenda siku ya harusi. Hakudanganyi, anakukaribisha. Lakini ukimuuliza, "Kaka, Jumapili iliyopita mlikwenda wapi na watoto?" atakwambia ukweli, na ukweli huo una nauli yake, saa yake na mambo ya kubeba.

Swali hilihili linafanya kazi kwa chakula. Waulize wafanyakazi wenzako walikula wapi jana mchana. Muulize dereva anakunywa wapi chai kabla ya zamu. Muulize mwalimu wa shule ya jirani watoto hupelekwa wapi kwa matembezi ya darasa, kwani shule hutafuta sehemu salama, za karibu na zisizo na gharama kubwa. Wazee waulize walikuwa wanaogelea wapi utotoni. Wakati mwingine pamejengwa, wakati mwingine pamesahaulika tu.

Maoni ya mtandaoni nayo yana nafasi yake, ukijua kuyasoma. Wastani wa nyota usikushughulishe sana. Panga kwa tarehe, soma ya miezi ya karibuni, na yape uzito yaliyoandikwa kwa lugha ya wenyeji. Picha za wateja zina ukweli kuliko za mwenye biashara: tazama sahani zina nini na watu nyuma ya picha ni akina nani. Tafuta kwa jina la mlo lenyewe badala ya neno "mgahawa". Lalamiko la kwamba "pamejaa, hakuna pa kukaa, chakula kinaisha saa 8 mchana" kwangu mimi ni sifa.

Hatua ya 5: Geuza majina ya sokoni kuwa ramani

Sasa rudi kwenye daftari. Una majina ya vijiji, mabonde na fukwe. Fungua ramani uyatafute. Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, mara nyingi ina vijia vya miguu, chemchemi na mageti ambayo ramani za madereva hazihangaiki nayo. Programu za OsmAnd na Organic Maps hutumia data hiyo na hufanya kazi bila mtandao, kwa hiyo pakua eneo lako ukiwa bado na intaneti ya nyumbani.

Tazama mistari ya nukta nukta: hivyo ndivyo vijia. Tazama mistari ya mwinuko: ikibanana ujue ni mteremko mkali, ikiachana ni tambarare. Kisha weka picha ya setilaiti uone kama kijia bado kipo au shamba limekimeza.

Kuna ujanja mmoja ambao watu wachache huutumia. Katika iNaturalist, programu iliyoanza mwaka 2008, watu wa kawaida hupakia picha za mimea na wanyama waliowaona, na kila picha ina mahali pake kwenye ramani. Fungua eneo la mji wako. Alama zikirundikana sehemu fulani, maana yake watu wanafika hapo kwa miguu, wanasimama, wanatazama. Hata kama vipepeo hawakuhusu, umepata sehemu ya kijani inayofikika.

Kijia kuwepo kwenye ramani si ruhusa ya kupita. Uliza ardhi ni ya nani, kama kuna kiingilio, kama geti lina saa zake, na kama hifadhi inataka mtu awe na mwongozaji. Mwenyewe ukimkuta shambani, msalimie kwanza, eleza unakokwenda, ndipo upite. Matembezi mengi huharibika kwa sababu mtu alipita kimya.

Hatua ya 6: Safari ya kwanza ya nje

Chagua sehemu ya karibu kuliko unavyotamani. Hesabu muda kabla ya kutoka, na kanuni ya zamani bado inafaa: mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa makadirio ya saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, ukiongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 300 ni saa mbili na nusu kwa hesabu hiyo. Lakini yeye alikuwa akiwazia mtu mwenye pumzi, asiyesimama. Wewe una watoto, au rafiki anayepiga picha kila jani, na mnataka kula njiani. Ongeza nusu ya muda huo au zaidi, useme saa nne, na hutajuta.

Halafu panga saa ya kugeuka, isiyojadiliwa: ikifika, mnarudi hata kilele kikiwa kinaonekana. Ipange kwa kutazama saa ya jua kuzama. Karibu na ikweta giza huingia upesi, kama dakika 20 tu baada ya jua kupotea. Ukiwa mbali zaidi kaskazini au kusini mwanga hukawia, na saa ya kuzama hubadilika sana kati ya miezi. Aliyehamia kutoka upande mmoja kwenda mwingine hupotoshwa na mazoea yake.

Maji, kama nusu lita kwa kila saa ya kutembea kwenye hali ya wastani, na zaidi kukiwa na joto. Chakula nunua palepale sokoni asubuhi. Beba kitu cha kuzuia mvua hata anga likiwa jeupe, taa ndogo, na simu yenye chaji. Mwambie mtu unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Kipimo cha mionzi ya jua (UV), ambacho programu nyingi za hali ya hewa hukionyesha, kikifika 3 au zaidi vaa kofia, funika mabega, tafuta kivuli. Makali yake zaidi ni katikati ya mchana. Huko juu milimani hewa ya baridi hudanganya, ngozi inaungua huku unatetemeka.

Radi isikuchezee. Sauti huchukua takriban sekunde 3 kusafiri kilomita moja. Ukiona mwako, hesabu; ngurumo ikifika kabla ya sekunde 30, dhoruba iko ndani ya kilomita 10 na unatakiwa uwe ndani ya jengo imara au gari lililofungwa. Chini ya mti uliosimama peke yake ndipo pabaya kuliko pote. Toka tena baada ya dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Ukifika, tafuta anayeuza chakula au anayekipanda. Kula hapo, uliza njia nyingine. Ndiyo maana nilisema ni mradi mmoja: mkulima aliyekuuzia matunda kando ya shamba anajua maporomoko ya maji yaliyo nyuma ya kilima, na hayo hayako kwenye programu yoyote.

Hatua ya 7: Maji yana sheria zake

Kama mji una bahari, jifunze kupwa na kujaa kabla ya kununua nguo ya kuogelea. Katika pwani nyingi maji hujaa mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya takriban saa 12 na dakika 25, hivyo saa ya kujaa husogea kama dakika 50 kila siku. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvu, maji yanapopwa mbali kabisa na kurudi kwa nguvu; katikati yake ni maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu. Matembezi mazuri ya kwenye mwamba hufanyika wakati wa kupwa kwa bamvu, na hapohapo ndipo watu huzingirwa. Muulize mvuvi maji yanageuka saa ngapi, kisha rudi mapema.

Ukiogelea na mkondo ukakuvuta kwenda kina kirefu, usipambane nao kwa kuogelea moja kwa moja kurudi ufukoni. Tulia, elea, ogelea sambamba na ufuko hadi utoke kwenye mkondo, ndipo ugeukie nchi kavu.

Maji baridi nayo hayana huruma kwa mgeni. Katika nchi nyingi za joto, maziwa na mito yenye konokono wa majini inaweza kuwa na kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Waulize wahudumu wa kituo cha afya kuhusu ziwa lenyewe, sio kuhusu maziwa kwa ujumla. Uliza na habari za mamba au viboko kama uko kwenye nchi zao. Na kama wenyeji hawaogelei sehemu nzuri namna ile, wana sababu. Itafute kabla ya kuvua shati.

Hatua ya 8: Jiunge na watu wanaotoka tayari

Mtu mmoja huchoka. Kikundi hukutoa nyumbani hata siku ya uvivu. Tafuta wakimbiaji, waendesha baiskeli, watazama ndege, wanaosafisha fukwe, timu ya mtaa. Katika nchi kadhaa kuna parkrun, iliyoanzia bustani ya Bushy Park huko London mwaka 2004: kilomita 5 bila kiingilio kila wiki, kwa kawaida Jumamosi asubuhi, na anayetembea anakaribishwa sawa na anayekimbia. Kama haipo kwenu, fundi baiskeli na muuza viatu vya michezo watakuelekeza, kwani vikundi vyote hupita kwao.

Uzuri wa vikundi hivi, kusema kweli, si mazoezi. Ni kifungua kinywa cha baadaye. Kaa, usiondoke mara jasho likikauka. Penye wengi pana mengi, na mazungumzo ya baada ya mbio ndiyo yanayokutajia kibanda kisicho na bango. Baada ya mara chache jitolee kitu: beba maji, panga njia ya wiki ijayo, leta chakula cha kwenu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kalenda, na siku za mvua

Kurasa 12 za mwisho za daftari ziwe za miezi. Kila muuzaji, mvuvi na mkulima muulize kitu chake kinaanza na kuisha lini, upepo unageuka mwezi gani, njia ipi haipitiki mvua zikianza, sikukuu gani hufunga soko. Jaza kidogo kidogo. Ukurasa wa mwezi ujao usome kila mwisho wa mwezi, upange tunda moja na njia moja. Usijaze zaidi ya hapo, la sivyo itakuwa kazi nyingine ya ofisini.

Miezi ambayo njia hazipitiki ni ya jikoni. Umekusanya majina ya mboga na maelezo ya nusunusu. Sasa mwombe yule muuzaji wako, au jirani mwenye subira, umwangalie akipika mlo mmoja mwanzo hadi mwisho, wewe ukileta vitu vyote vinavyohitajika. Usiulize vipimo akiwa anapika, maana atakwambia "kiasi" na kuendelea. Pima mwenyewe: kila anapochota chumvi au unga kwa mkono, mwombe amimine kwanza kwenye kijiko au kikombe ulichokuja nacho, andika, kisha mwachie aendelee.